Boma ni la Nani?

Mwanafunzi husoma habari za ngome na makasri ya nchi za mbali. Husoma kwamba mwaka 1519 Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa alianza kujenga kasri la Chambord, na kwamba hata leo watu hutembea kwa miguu katika mashamba ya nchi ile, kutoka kasri moja hata jingine, ili kuyatazama mawe ya kale. Akiisha kusoma hukifunga kitabu, akatazama nje ya dirisha, akaliona Ziwa Victoria na vilima vyake, akadhani kwamba kwao hapana kitu cha kutembelewa. Dhana hiyo si kweli. Na tuiondoe kwanza, kisha tuulizane swali lililo gumu zaidi.

Kusini ya Kisumu, ukiisha kupita Ahero na Homa Bay na kuingia katika Kaunti ya Migori, pana mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo thimlich ni msitu mzito wa kutisha, na ohinga ni boma kubwa. Hapo yamesimama maboma manne makubwa ya mawe: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Yakadiriwa kuwa yalijengwa katika karne ya 16, karne ile ile ya Chambord. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hata mita 4.5, na unene wa kama mita 1. Hazikutiwa chokaa wala udongo wa kuzigandisha. Safu ya nje na safu ya ndani zimefungamanishwa na mawe madogo ya katikati, na kila jiwe huliegemea jiwe jenzake. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maboma haya katika orodha ya urithi wa dunia. Wala si haya peke yake: katika nchi zilizo kandoni mwa ziwa watafiti wamehesabu mahali 138 penye maboma ya namna hii.

Ukijaliwa kwenda, shuka garini kabla ya kufika, uende kwa miguu kilomita chache za mwisho. Njiani okota jiwe la kukujaa mikono, ulichukue hatua mia mbili, kisha uliweke chini kando ya njia. Mikono yako itakufundisha jambo ambalo kitabu hakiwezi kukufundisha. Kila jiwe utakaloliona ukutani lilichukuliwa na mtu, naye alichoka kama ulivyochoka wewe. Kasri la Chambord lina jina la mfalme, lakini mtu aliyelichukua jiwe la Thimlich hana jina kwetu. Uzito alioubeba ndio habari yake iliyobaki.

Ukifika mlangoni itakupasa kuinama. Mlango ulijengwa mfupi kwa makusudi, ili kila aingiaye aingie ameinamisha kichwa, na mlinzi aliye ndani amwone kabla yeye hajamwona mlinzi. Kuta zilikuwa kinga ya watu na ng'ombe wao, zikiwazuia wanyama wakali na wanyang'anyi. Basi tusijidanganye kwamba mawe haya ni ya amani tupu. Mtu hajengi ukuta wa kumpita kimo ila ana hofu.

Sasa ndilo swali letu: boma hili ni la nani?

Huenda ukajibu upesi kwamba ni la aliyelijenga. Jibu hilo ni zuri, lakini tazama litufikishapo. Watafiti huona kwamba walioanza kuzijenga kuta hizi yamkini walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu, na kwamba baadaye waliingia watu wa lugha nyingine, na Wajaluo miongoni mwao, wakakaa humo kwa zamu zao mpaka maboma yalipohamwa katika karne ya 20. Ikiwa boma ni la mjenzi wa kwanza tu, basi vizazi vyote vilivyolala humo, vikafuga, vikazaa na kuzika, vilikuwa wapangaji. Nasi hatuna jina la mtu hata mmoja wa kumrudishia mali yake.

Huenda ukajibu kwamba ni la aliyeko leo. Hili nalo lina hatari yake. Kama kuwako kwangu leo kwanipa haki yote, nani atanizuia kuyabomoa mawe nikajengee zizi langu? Tena mtu amfukuzaye jirani yake usiku, kulipokucha akawa ndani ya nyumba, naye atasema, “Mwenye nyumba ni mimi, kwa kuwa niko.” Nguvu haikuwa haki hapo zamani, wala leo haijawa.

Maswali haya si ya mawe tu. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, watu wa Kenya waliulizana kwa moto na panga nani mwenyeji na nani mgeni. Katika Kisumu maduka yaliteketezwa, na watu waliokaa mjini miaka mingi walikimbia kwa sababu ya lugha ya mama zao. Na jamaa za watu wa Kisumu nao walikimbia kutoka miji mingine kwa sababu iyo hiyo. Aliyeuliza “Nani alikuja kwanza?” hakuuliza ili ajue. Aliuliza ili apate sababu ya kufukuza.

Basi turudi ukutani, tutafute jibu la tatu. Ukuta usio na chokaa haudumu wenyewe. Mvua huuchimba chini, mizizi huusukuma, ng'ombe huusugua. Jiwe moja likianguka, lililoliegemea hulegea, na halafu la pili na la tatu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ikiwa ukuta wa namna hii umesimama kwa karne kadhaa, sharti pawe pamekuwa na mikono ya kuyarudisha mawe. Na ndivyo ilivyokuwa: waliokuja nyuma walizikarabati kuta na kuziendeleza kwa ufundi ule ule wa waliowatangulia. Hawakusema, “Hizi ni za watu wa lugha nyingine, na zianguke.” Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mgeni aliuponya ukuta wa mwenyeji.

Kwa hiyo naona kwamba boma si la wa kwanza kwa kuwa wa kwanza, wala si la aliyeko kwa kuwa yuko. Ni amana. Huwa la yule alitunzaye apate kumkabidhi mwingine, hata kama huyo ajaye hatakuwa wa ukoo wake. Mnyang'anyi hana fungu katika neno hili, hata akiipaka chokaa nyumba aliyoipora, kwa maana amana haianzi kwa kumtoa mwenyewe. Huanza kwa kukubali deni kwa watu waliotangulia ambao hatuwezi kuwalipa, nasi tukalilipa kwa watakaotufuata.

Utakapotoka, inama tena mlangoni. Usichukue jiwe la ukumbusho, hata dogo, maana lile dogo la katikati ndilo lishikalo makubwa mawili. Ukiona lililoanguka, usilirudishe kwa pupa, bali mwonyeshe mtunzaji wa mahali pale, kwa sababu hata wema wahitaji ujuzi. Nawe ukirudi Kisumu, au mji wowote ukaao, tazama nyumba, njia, visima na shule unazozitumia. Uliza ni nani aliyeyachukua mawe yake. Kisha jiulize ni jiwe lipi lililoanguka katika zamu yako.