Sikukuu ya Taifa Ni Deni

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Neno hilo halihusu fedha na mifugo peke yake. Anayerithi shamba hurithi na madeni yake, na sisi tumerithi uhuru.

Kila tarehe 9 Oktoba Uganda hukumbuka usiku ule wa mwaka 1962, pale Kololo, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapandishwa. Siku hiyo huwa na gwaride, bendi na hotuba. Ni haki yetu kushangilia. Lakini ukiteremka Kololo, pitia Mnara wa Uhuru ulio katikati ya Kampala, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Mama amezongwa vitambaa mwilini, na bado anamwinua mtoto juu ya kichwa chake. Mtoto amenyoosha mikono mbinguni, hana kamba hata moja. Mtoto yule ni sisi. Waliotuinua wengi hawakuwahi kufunguliwa.

Basi deni hilo hulipwaje? Wanaokwenda Namugongo wanajua. Tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakristo walichomwa moto pale kwa amri ya Kabaka Mwanga. Leo siku hiyo ni ya mapumziko nchi nzima, ila wapo wasiopumzika: mahujaji wanaotoka magharibi ya Uganda, Kenya na hata Tanzania kwa miguu, siku baada ya siku, nyayo zimevimba. Hakuna anayewapa posho. Wanakumbuka kwa jasho lao wenyewe.

Tanzania nayo ilitoa somo mwaka 2015. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu, Rais Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akawataka wananchi washike mafagio, naye akatoka kuokota taka jirani na Ikulu. Wapo waliosikitika kukosa gwaride. Hata hivyo, anayemkinga jirani yake na maradhi ameuenzi uhuru kuliko anayeupigia makofi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, Oktoba ikifika, vaa rangi za bendera na ule vizuri na jamaa zako. Kisha zibua mtaro ulio mbele ya duka lako kabla mvua haijamfurikia jirani. Mketishe mwanao, umsimulie babu yake aliishije chini ya mkoloni. Mtoto asiyeambiwa kuwa anadaiwa, atalipa nini?