Je, ni kosa kumtoroka mtoto shuleni?

Mama mmoja ametuandikia kuhusu mwanawe wa miaka sita mwenye usonji. Mtoto huyu husema maneno machache, naye huogopa kelele na mahali pageni. Siku ya kwanza ya shule baba alimwambia, "Twende dukani." Walipofika darasani mwalimu akamwonyesha gari la kuchezea, na mama akatoka polepole kwa mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo mtoto hambanduki mamaye hata akienda chooni, na akiona viatu vya shule hujificha chini ya kitanda. Mama anauliza kama walikosa. Mumewe anasema kila mtoto hulia kisha huzoea, na kwamba mtoto mdogo hadanganywi, anabembelezwa tu.

Mama mpendwa, mumeo hana roho mbaya. Alitaka kumwepusha mtoto na machozi, na pengine kujiepusha na macho ya wazazi wengine pale langoni. (Aibu hiyo tunaijua wengi, tusijifanye.) Lakini hoja yake imewahi kujadiliwa na wakubwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ilipotoka mwaka 1992, namba 2483 ilizungumza juu ya kumpotosha mtu ambaye ana haki ya kuujua ukweli. Hapo mtu angeweza kuuliza: mtoto mdogo ana haki gani? Katika toleo rasmi la Kilatini la mwaka 1997 sharti hilo la haki likaondolewa. Anayepotoshwa akiwa nani, uongo ni uongo. Tena hauwi kwa maneno tu, huwa kwa vitendo pia, kwa hiyo mlango wa nyuma nao umo.

Msijitie hukumu kubwa. Kanisa hupima uzito wa uongo kwa nia, kwa hali ilivyokuwa, na kwa madhara aliyopata aliyedanganywa. Nia yenu ilikuwa njema. Madhara ndiyo yanayotutia wasiwasi. Mtoto mwingine angemuuliza mwenzake, "Mama yuko wapi?" Wenu hawezi. Yeye huegemea mpangilio wa siku usiobadilika na neno lenu, na siku ile vyote viwili vilianguka pamoja.

Kumficha nyumbani pia si dawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kusoma kati ya wenzake kadiri inavyomfaa. Kama hajapimwa, mpelekeni kwenye kituo cha EARC. Vituo hivyo vya serikali vilianza mwaka 1984, navyo hushauri ni shule au darasa gani linalomfaa.

Kisha anzeni upya, nyote wawili mkiwa na neno moja. Ombeni ruhusa mwende shuleni Jumamosi, kukiwa kimya, aone darasa, kiti chake, na choo. Avae sare nyumbani jioni moja, aivue akitaka. Mwambieni mwalimu kinachomtisha na kinachomtuliza, hata kama ni kitambaa kikuukuu. Mwonyesheni siku kwa picha: lango, darasa, kikombe cha uji, mama. Wiki ya kwanza abaki mpaka uji wa saa nne tu, mwalimu akikubali.

Pale mlangoni mwage wazi, kwa maneno yale yale kila siku, kisha uende. Usirudi kuchungulia dirishani. Atalia, na kilio hicho kitakuuma. Lakini atakuwa analia akijua ulikokwenda. Usiseme "narudi sasa hivi". Sema "baada ya uji".

Na Baba asimwachie mkewe kazi hii peke yake. Jumatatu hiyo aombe ruhusa kazini, hata ya saa moja, naye awe langoni kabla kikombe hakijaisha.