Kila Mtu na Apendacho?

Kuna usemi unaopendwa sana na watu wa amani, nao ni huu: kila mtu na apendacho. Hutamkwa mabishano yanapoanza kuwa makali, na mara nyingi mabishano hutulia kweli. Mimi usemi huo sijapatana nao. Sisemi kwamba ni wa uongo katika kila jambo. Mtu akipenda ugali wa mtama na mwenzake akapenda wa mahindi, hapana cha kubishania hapo, wale tu. Lakini watu wazima wawili wanapobishana kutwa nzima kuhusu muziki ulio bora, kisha akapita mtu akawaambia kila mtu na apendacho, je, amewapatanisha, au amewaambia kwa adabu kwamba kutwa nzima walikuwa hawasemi kitu?

Swali hili limenijia mara nyingi nikiwa Malolo. Malolo ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, karibu na pale barabara kuu iendayo Iringa inapofika Ruaha Mbuyuni. Ni nchi ya mibuyu na joto kali, ila maji ya mto Mwega yameifanya kuwa shamba la mpunga na vitunguu. Msimu wa vitunguu watu hungoja sana: hungoja mizani, hungoja lori, hungoja bei ipande. Na anayengoja hana budi azungumze. Wapo wazee wawili pale, wote wamepita miaka sabini, ambao mazungumzo yao, yakishamaliza habari za lumbesa na za zamu ya maji, huishia pale pale: Mbaraka Mwinshehe alikuwa bora zaidi lini, akiwa Morogoro Jazz au akiwa Super Volcano?

Kwa msomaji asiyekuwapo enzi hizo, niseme kwa kifupi. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz akiwa kijana mpiga gitaa, akapanda hata watu wakawa wakitaja bendi wanamfikiria yeye. Mji wa Morogoro wakati huo ulikuwa umegawanyika, maana Cuban Marimba nayo ilikuwa na watu wake, kwanza chini ya Salum Abdallah, na baada ya kifo chake mwaka 1965 chini ya Juma Kilaza. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 Mbaraka akajitenga, akaunda Super Volcano, akaiongoza hadi Januari 1979 alipofariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Hakutimiza hata miaka 35.

Wenzetu wa Ulaya wangeuliza swali hili kwa kutaja albamu. Wapenzi wa bendi ya Genesis ya Uingereza, kwa mfano, hawajaacha kubishana tangu mwimbaji wao Peter Gabriel alipoondoka mwaka 1975 na mpiga ngoma Phil Collins akashika nafasi yake: ipi albamu yao bora, ya kabla au ya baada? Kwetu swali la albamu halikai vizuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ili nyimbo zirushwe hewani, na santuri zilitengenezwa Kenya, nyingi zikiwa zile ndogo ambazo wimbo ukiwa mrefu hukatwa katikati, ukageuza upande wa pili ili umalizie. Zile santuri ndefu za Mbaraka zilizopewa jina la Ukumbusho zilitolewa Nairobi yeye akiwa ameshazikwa. Huwezi kumwuliza marehemu kwa nini alipanga nyimbo hivi na si vile, kwa sababu hakuzipanga yeye. Kwa hiyo watu wetu hugawa kwa bendi na kwa miaka. Dar es Salaam nako, mwaka 1985 baadhi ya wanamuziki wakubwa wa Mlimani Park walipohamia OSS, watu waligawanyika kati ya Sikinde na Ndekule, na ninawafahamu walionuniana kabisa.

Turudi Malolo. Mzee wa kwanza amekuwa mkulima maisha yake yote, naye ni wa Morogoro Jazz. Wa pili alikuwa kondakta wa basi kati ya Morogoro na Iringa, naye ni wa Volcano. Kuna na kijana wa tatu ambaye ana kibanda cha kuchajia simu na kuwauzia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nyimbo za Mbaraka anazo tele, lakini zote zimeandikwa “Mbaraka” basi, na namba. Bendi haijulikani, mwaka haujulikani.

Siku moja kijana huyo aliweka wimbo kwenye spika yake, na yule mkulima akaanza kuusifu. Alisifu gitaa, akasifu jinsi sauti zinavyopokezana, akasema hayo ndiyo mambo ambayo Volcano hawakuyaweza. Kondakta alimwacha amalize, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. Wimbo ulikuwa wa Volcano. Mkulima akajibu papo hapo, “Aliutunga akiwa kule, akaondoka nao.” Mwamba ngoma, wahenga walisema, huvutia kwake.

Tungeweza kuishia hapo, tukasema: mmeona, ni ushabiki mtupu, masikio hayamo. Lakini baada ya kicheko kupoa yule mzee alinyamaza kidogo, akamwambia kijana, “Hebu urudie.” Ukarudiwa. Akaomba tena mara ya tatu, ameinamisha kichwa, na mwenzake naye akaacha kucheka akasikiliza. Kitendo hicho kidogo ndicho kilichonifanya nione kwamba ule usemi wa amani hautoshi. Mtu ambaye anachosema ni “napenda” tu, hana haja ya kurudia wimbo. Kama anapenda, anapenda, na hakuna anayejua habari hiyo kuliko yeye. Anayeomba wimbo urudiwe anaamini kwamba ndani ya wimbo mna kitu ambacho alikisikia vibaya au hakukisikia, na kwamba sikio lake linaweza kusahihishwa. Mkulima yule, kwa mdomo wake, alikuwa bado anavutia ngozi kwake. Kwa kuinamisha kichwa alikuwa ameshakubali kwamba kuna jambo nje yake linalomhukumu.

Kijana akauliza swali ambalo wengine hatukuthubutu. “Babu, samahani, usiudhike. Kama miaka ile usingekuwa kijana, ungezipenda nyimbo hizi?”

Mzee alichelewa kujibu. Akasema, “Mwaka 1971 ndio niliomwoa bibi yenu. Sasa unataka nimtoe ndani ya wimbo?”

“Hapana, babu. Nataka kujua mimi nisikilize nini, maana mimi simo humo.”

Nimelifikiria sana jibu hilo la kijana. Lina adabu, lakini ni zito, kwa sababu linagusa hofu ambayo kila mwenye umri wangu anayo hata kama haitamki. Huenda tunavyoviita vizuri ni ujana wetu tu, uliokuwa umewashiwa redio. Ikiwa ndivyo, basi siku sisi tukiondoka, nyimbo nazo zimekwisha, na yote tuliyowaambia wanetu juu ya muziki wa zamani yalikuwa ni kuwaonyesha picha za harusi ambayo hawakualikwa. Mtu akikwambia hapo “kila mtu na apendacho”, hajakuheshimu hata kidogo. Amekubali kwamba huna cha kurithisha.

Mzee hakumjibu kwa hoja. Alimwambia aache kulifuata gitaa la solo, ambalo kila mtu hulisikia, asikilize lile la rithimu, lisilojionyesha, aone linavyokaa mahali pamoja mwimbaji akipanda na akishuka. Kijana akasikiliza. Mara ya kwanza akasema hasikii. Mara ya pili akasema, “Ee, kumbe lipo.” Bibi wa yule mzee hakuhamia kwenye kichwa cha kijana, na harusi ya 1971 imebaki ya wenyewe. Gitaa la rithimu lilihama.

Mwanafalsafa David Hume wa Uskoti, katika insha aliyoichapisha mwaka 1757, alikumbusha kisa kilichomo katika Don Quixote. Watu wawili wa ukoo mmoja waliitwa waonje mvinyo uliokuwa kwenye pipa. Mmoja akasema ni mzuri, ila una ladha ya ngozi kwa mbali. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomalizika, chini yake ukaonekana ufunguo wa zamani umefungwa kwa ukanda wa ngozi. Nakipenda kisa hiki, lakini nakiona kina raha kupita kiasi. Katika muziki pipa haliishi. Hatufiki siku ya kuuona ufunguo chini, wote tukanyamaza. Tunachoweza ni kile alichokifanya mzee: kuelekeza sikio la mwingine, na kungoja kama atasema “kumbe lipo” au hatasema.

Na kuna mambo ambayo sikio peke yake haliyamalizi. Hapa ndipo ubishi wa wazee wangu ulipofika mahali pa kuumiza.

Mkulima alipobanwa ataje wimbo mmoja tu wa kuibeba Morogoro Jazz, alitaja “Dr. Kleruu”. Wimbo huo unamlilia Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyepigwa risasi akafa tarehe 25 Desemba 1971 huko Isimani. Aliyemwua alikuwa mkulima, Said Mwamwindi, wakati serikali ilipokuwa ikisukuma vijiji vya ujamaa na mwenye shamba kubwa hajui kesho litakuwa la nani. Mwamwindi alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa. Hoja ya mzee ilikuwa kwamba wimbo huo ulifanya kazi ambayo gazeti halikuiweza: taifa zima lililia kwa sauti ya mtu mmoja.

Kondakta akatikisa kichwa. Akasimulia kwamba walipolala Iringa miaka ile, yeye na dereva wake, walifikia nyumba ambayo mama mwenyewe, wimbo huo ukianza tu, aliinuka akazima redio. Hakuwahi kusema neno. Ila wao walijua kwamba watu wake walilima Isimani. “Sasa ndugu yangu,” akasema, “taifa zima gani hilo, na yule mama tumweke wapi?”

Kijana akauliza Klerruu alikuwa nani.

Nilidhani mkulima angekasirika. Badala yake akasema jambo ambalo bado linanisumbua: kwamba wimbo wa maombolezo hauwezi kulia pande zote mbili, kwa sababu anayemlilia kila mtu hamlilii mtu, na kwamba kama Iringa ilikuwa na mtu wa kumlilia Mwamwindi kwa gitaa, angemsikiliza na huyo. Ni hoja nzuri. Hatumlaumu aliaye msibani kwa kutokutaja marehemu wa nyumba nyingine. Lakini naona kwamba redio ya taifa si msiba wa nyumba moja. Yule mama alikuwa na haki ya kuizima, na wimbo unaomlazimu mtu mwema ainuke kuzima redio umepungukiwa na kitu, hata kama magitaa yake hayana dosari. Sijui kama upungufu huo ni wa uzuri au ni wa haki. Wako wasomi watakaoniambia nisichanganye mambo hayo mawili. Pale Malolo, watu wameketi juu ya magunia, hayakutengana.

Msomaji bila shaka ataka kujua mimi niko upande gani, maana si vizuri kusifu ubishi wa wenzako huku wewe umekaa pembeni. Niko na kondakta, nami nataja “Shida”, wa Volcano. Sababu yangu si kwamba umenikuta mahali fulani maishani, ingawa umenikuta. Ni wimbo wa mtu anayelalamikia dhiki, na hakuna mkuu wala tarehe ya kukutaka ujue kwanza. Mkenya aliupokea kama wake, mpaka leo anaupokea, na yule kijana wa memori kadi hakuhitaji kuuliza mtu shida ni nini. Mbaraka anaimba humo kama mtu asiyetaka kumshtaki yeyote, na gitaa halimhurumii wala halimharakishi. Nadhani mama yule wa Iringa angeuacha uishe.

Mkulima ananipinga. Anasema wimbo usio na jina la mtu ni rahisi kupendwa na wote kwa kuwa haumdai mtu chochote, na kwamba baada ya miaka mia hakuna atakayejua ulilia nini, wakati “Dr. Kleruu” utakuwa bado unawafanya vijana waulize huyu alikuwa nani, kama alivyouliza huyu wetu. Nimemwambia nitakwenda nikausikilize tena, upande wa kwanza na wa pili, kwa lile gitaa la rithimu.