Hospitali ya Nani?

Mimi ni Mwislamu wa Iringa mjini, na wanangu nimewazalia Tosamaganga, kwa Wakatoliki. Mara moja uchungu ulinishika Ramadhani. Sista aliyenipokea akauliza, "Mama, umefunga?" Kabla sijajibu, bakuli la uji lilikuwa mezani.

Wabenediktini waliijenga misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, Wakonsolata wakaipokea mwaka 1919. Serikali ilipotaifisha shule za misheni baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, hospitali nyingi ziliachwa kwa makanisa. Mwaka 1992 makanisa na serikali wakatia saini hati ya makubaliano, na leo hospitali ya Tosamaganga ni mali ya jimbo la Kanisa, ila fedha za umma zimo.

Msikitini kwetu hati ile bado inanung'unikiwa, na manung'uniko yana msingi, maana kodi tunalipa sote. Lakini wanaotaka dini ibaki kwenye ibada tu siwaafiki. Zahanati vijijini angejenga nani? (Waziri yupi alikuwepo Rungwe mwaka 1891, Wamoravian walipofika?) Uji niliupokea kwa shukrani. Mahesabu ya dawa nataka niyasome pia, nikiwa mjumbe wa kamati ya hospitali, si mgeni wa masista.