Dhana Haitoshi Kumwaga Damu

Ndugu msomaji, ziko senema za kupitisha wakati, na ziko senema ambazo mtu akishazitazama hulala na maswali. Ya namna hii ya pili ni ile iitwayo In the Shadow of the Sun, iliyotolewa mwaka 2012 na Mwingereza Harry Freeland. Si kisa cha kutungwa. Yaonesha maisha ya watu wenye ualbino katika nchi ya Ziwa Viktoria, wakati walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa itikadi kwamba viungo vyao huleta utajiri. Humo yumo Josephat Torner, yeye mwenyewe mwenye ualbino, aliyeamua kwenda katika vijiji vya watu waliokuwa wakiogopwa, akakaa nao na kuzungumza nao uso kwa uso.

Wengi wetu wa pwani tukiyasikia mambo haya hukimbilia kusema: "Hao ni watu wa bara, kwetu hayapo." Neno hilo ndilo ninalotaka tulipime leo.

Njia itokayo Shinyanga ikifika Tinde hugawika. Moja yaenda Nzega, nyengine yaenda Kahama, na mbele ya Kahama ndiko Bukombe na nchi ya dhahabu ya Geita. Huko wako wakulima wa pamba na mpunga, wafugaji wa ng'ombe, na wachimbaji wadogo wanaoteremka mashimoni kutafuta riziki. Ni watu wa kazi na wa ukarimu kama watu wengine. Lakini katika nchi hiyo hiyo, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, huulizwa mganga, na mganga hutaja au huashiria mtu. Mara nyingi huwa ni bibi kizee aishiye peke yake, na macho yake mekundu huhesabiwa kuwa ushahidi, hali macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni alikowapikia watoto na wajukuu.

Sasa tazama mahakama ilivyofanya. Tarehe 23 Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua mtoto wa kiume wa miaka 14 mwenye ualbino, katika wilaya ya Bukombe, ambayo siku hizo ilikuwa ya mkoa wa Shinyanga na sasa imo katika mkoa wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza katika mauaji yale. Mahakama haikukihukumu kijiji wala kabila. Ilimwuliza kila mmoja peke yake: umefanya nini, nani aliyekuona, umekutwa na nini? Waliokufa kwa neno la mganga hawakuulizwa maswali hayo. Wao walihukumiwa usiku, bila ya shahidi na bila ya rufaa.

Tuna msemo tunaoupenda: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huu wafaa katika mambo madogo. Katika damu ya mtu haufai, maana hapo lisemwalo huja kwa sababu tu limesemwa. Waislamu tumeamrishwa katika Surat Hujurat kuthibitisha habari na kujiepusha na dhana. Twaisoma sura hiyo, kisha twarudi barazani na kuyaeneza yale tusiyoyajua.

Wala usidhani ya kuwa maradhi haya ni ya wasiosoma tu. Mwaka 1976 Serikali ilitaka kuyakomesha mauaji ya vikongwe katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nia ilikuwa njema. Watu wengi wakakamatwa kwa kushukiwa, na baadhi yao wakateswa mpaka wakafa mikononi mwa wale waliopewa kazi ya kulinda roho za watu. Waliotumwa kuwatafuta wenye kuua kwa dhana, wakaua wao wenyewe kwa dhana. Mtesaji alikuwa na cheo na mwuaji wa kijijini alikuwa na panga, lakini kosa lilikuwa moja: kumwadhibu mtu kabla ya kuthibitisha.

Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo, na viongozi wengine nao wakajiuzulu. Si yeye aliyewatesa watu wale. Angeweza kusema: "Mimi nilikuwa Dar es Salaam." Lakini polisi walikuwa chini yake, naye akakubali kuwa amana ile ilikuwa shingoni mwake. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais wa nchi nzima. Kuubeba mzigo hakukumshusha.

Turudi sasa kwetu pwani, tunakosema hayapo. Mwaka 1995, uvumi wa popobawa ulipoanza Pemba na kuvuka mpaka Unguja, watu walikuwa wakilala nje kwa hofu. Mjini Unguja umati ukamkamata mtu mmoja ukidhani ndiye popobawa, ukampiga mpaka akafa. Masikini yule alikuwa mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta matibabu. Hakuulizwa jina wala kwao. Je, hayo yalikuwa ya bara?

Basi ndugu zangu, hatia ya mauaji ya namna hii ni ya nani? Mbele ya sheria ni ya aliyeua na aliyemtuma, na haifai kumtwisha mtu mwengine wala kuwatukana Wasukuma wote kwa makosa ya wachache. Lakini kabla ya panga hutangulia ulimi, na ulimi huo hukaa nyumbani mwetu. Hakimu wa Kahama hawezi kuufikia. Mwenye kuufikia ni baba, mama, shangazi, na mzee wa mtaa.

Mtu akija nyumbani kwako na habari kwamba bibi fulani ni mchawi, mwulize maswali ya mahakamani: nani aliyeona? Aliona nini? Akikosa jibu, habari iishie hapo. Mtoto wako akiugua, mpeleke hospitali, usimpeleke kwa mtu atakayekutajia adui. Na yakisemwa barazani kwako maneno ya kumwangamiza jirani, usiseme hukuwamo katika mazungumzo. Baraza ni lako, na amana ni yako.

Mwenyezi Mungu atulinde na dhana, na ailinde mikono yetu na damu isiyo na hatia. Amin.