Haki ya Maji: Wa Juu na Wa Chini

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mteremshaji wa mvua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Mto Zigi si mkubwa. Huanza milima ya Usambara ya Mashariki, penye misitu ya Amani, ukateremka hata baharini kaskazini ya Tanga. Mwaka 1978 ulizuiwa kwa bwawa pale Mabayani, na maji yake ndiyo yanyweshayo mji. Basi atawadhaye msikitini Tanga hutawadha kwa maji yaliyopita kwanza kando ya shamba la mkulima wa iliki asiyemjua.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Zubeir bin Awwam aligombana na mtu wa Ansari juu ya mifereji ya Harra, Madina, waliyonyweshea mitende. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) akamwamuru anyweshe, kisha amwachilie jirani yake maji. Yule mtu akaghadhibika, akasema kuwa Zubeir amependelewa kwa kuwa ni mwana wa shangazi yake Mtume. Ndipo Mtume akampa Zubeir haki yake kamili: ayazuie maji hata yafike kingo za shamba, ndipo ayaachilie.

Hukumu ya kwanza ilikuwa ni ihsani, na ya pili ni haki tupu. Aliye juu ana haki ya kutangulia, wala hana haki ya kudhuru. Basi alimaye hata ukingoni, udongo ukateremka bwawani, na achimbaye dhahabu vijitoni akayachafua maji, amemdhulumu jirani, ijapokuwa hajapata kumwona.

Na aliye chini naye asijione hana deni. Sheria ya mwaka 2004 yakataza kazi zenye kudhuru mto ndani ya mita 60. Kwa tajiri, mita hizo si kitu. Kwa maskini wa mlimani huenda ndizo chakula cha watoto wake. Mwenye kunywa kwa sababu ya kujinyima kwake, kisha akamlaumu tu asimsaidie, amefanana na yule aliyeikataa ihsani. Na aachaye bomba likimwagika akumbuke kuwa Mtume alitawadha kwa mudi moja, kiasi cha kujaa viganja viwili.

Mwenyezi Mungu awajaalie wa juu amana, na wa chini shukrani. Amin.