Kaa na Nafsi Yake

Ni ajabu kwamba kiumbe kimoja chaweza kupewa na wanazuoni majina kadhaa, kana kwamba ni viumbe mbalimbali, hali kila mmoja wao ameeleza kwa uaminifu alichokiona. Mwaka 1802 Mfaransa Bosc alimwita zoea mdudu mdogo wa baharini mwenye macho makubwa na mkia mrefu, ambaye mwiba mmoja umemchomoza usoni na mwingine umemsimama mgongoni. Baadaye Mwingereza Leach akampa mwingine jina la megalopa. Wala hawakutambua kwamba wote wawili ni watoto wa kaa. Ni John Vaughan Thompson, tabibu wa jeshi aliyekaa Cork, Ayalandi, aliyeangua mayai ya kaa chomboni katika miaka ya 1820, akaona kilichotoka ni zoea yule yule. Wako waliomkadhibisha. Mwanazuoni Westwood, mwaka 1835, alitoa hoja ya kaa wa nchi kavu anayetoka yaini na umbo lake tayari, hoja ambayo kwa kaa yule ilikuwa sahihi, ila haikuwabatilisha wale wa Thompson.

Mwaka 1959 Costlow na Bookhout, maabarani kwao Beaufort, North Carolina, walitangaza kwamba wamemlea kaa wa buluu tangu yai hata akawa kaa. Zoea hujivua gamba mara kwa mara, akapita hatua saba akiogelea, kisha akawa megalopa, ambaye magando anayo lakini mkia bado ameunyoosha nyuma. Akijivua tena ndipo anapoukunja chini ya tumbo na kwenda upande.

Basi kaa mwenyewe yu wapi? Gamba si lile, sura si ile, makazi si yale. Wafuasi wa Aristotle watasema yumo ndani ya zoea kwa uwezo, bado hajadhihirika. Jibu zuri, nami silikatai lote; lakini lamfanya zoea kuwa kaa aliyepungukiwa, naye hakupungukiwa na kitu: kwa maisha ya kuelea majini ameumbwa kamili, na kaa mzima hayawezi maisha yale.

Naona, basi, umoja wake haumo katika hatua yoyote, bali katika kufuatana kwa hatua zote pasipo pengo. Na ndiyo sababu chombo cha maji kilifaa kuliko hadubini peke yake, kwani hadubini huonyesha hali moja tu. Hata sisi, mzee asemapo, "Mimi nilipokuwa mchanga," hakumbuki kitu. Ameupokea uchanga wake kwa ushahidi wa mama aliyekuwapo siku zote.

Lakini kule Beaufort palitokea zoea ambao, baada ya hatua ya saba, waliingia ya nane. Na kama nafsi ya kaa ni mfuatano wenyewe, yanipasa nikiri kwamba hata mfuatano huo hauna idadi moja.